Somo Jipya, Somo Mpya

Karakana yetu ilinukia ufuta. Grisi ilikuwa adimu Lindi nzima miaka ile, na ikipatikana ilikwenda kwenye matrekta ya mashamba ya mkonge. Basi mwalimu wetu wa fizikia alikwenda sokoni kununua mafuta ya ufuta kama mtu anayekwenda kupika, akatufundisha kuyalainishia vyuma. Jumamosi mchana tulitoka mle ndani mikono ikiwa myeusi mpaka viwikoni, nasi tukinukia jiko la sikukuu. Wasichana wengine wa bweni walituona tukija wakauliza kwa sauti ni nani amechinja.

Ilikuwa stoo ya majembe kabla ya kuwa karakana. Shule ilikaa nje kidogo ya mji, juu ya mteremko wa udongo mwekundu, na nyuma yake lilikuwepo shamba letu la mihogo na korosho, kwa sababu wakati ule kila shule ililima. Tuliimba kujitegemea asubuhi na kulima kujitegemea jioni. Mwalimu huyu, mwanamke kijana kutoka bara aliyekuja na sanduku la bati na ovaroli la bluu lililokatwa mikono, alisema kuna kujitegemea kwingine ambako hatujakugusa.

"Taifa linajenga vijiji," alituambia siku ya kwanza. "Vijiji vinataka maji, vinataka mashine za kusaga. Nani atavifunga hivyo vitu? Kaka zenu peke yao?"

"Kaka yangu, mwalimu," akasema mwenzangu wa kitanda cha juu, "hata mnyororo wa baiskeli hurudishiwa na jirani."

Tulicheka, na mwalimu akacheka nasi. Tangu siku hiyo kila Jumamosi tuliingia karakana. Tulifungua taa za kandili, cherehani ya shule, kengele ya baiskeli, kufuli lililopoteza ufunguo. Alikuwa na namna yake moja ya kufanya kazi ambayo hakuiachia kamwe. Kabla ya kugusa skrubu ya kwanza ulitandika kanga chini. Kila ulichokitoa ulikiweka juu ya kanga, cha pili kulia kwa cha kwanza, cha tatu kulia kwa cha pili, wala hakuna aliyeruhusiwa kuvuka juu yake. Ukimaliza, mashine yote ililala pale mbele yako kwa mstari, na kuifunga ilikuwa ni kurudi nyuma kwa mstari uleule, kutoka mwisho hadi mwanzo.

Kanga yangu ilikuwa ile niliyotolewa nayo unyagoni.

Hapa yafaa niseme juu ya somo. Kwetu Milola, msichana akiwekwa ndani huwa na mwanamke mmoja aliye wake, anayemlisha, anayemkanya, anayemfunda adabu na kumtoa nje akiwa mtu mzima. Huyo ndiye somo. Mama anakuzaa na somo anakutoa, na akishakutoa ni wako maisha, kama vile usivyoweza kubadilisha tumbo lililokuzaa. Somo yangu alikuwa mwanamke mrefu, mkulima, mwenye sauti iliyofika ng'ambo ya mto bila kuinuliwa. Baba yangu, ambaye hakumwogopa mwenyekiti wa kijiji, hakuamua jambo langu lolote bila kumuuliza yeye.

Mwaka ule ulipokaribia mwisho, mkuu wa shule alitangaza habari iliyoninyima usingizi kwa furaha. Mwaka unaofuata shule ingeanzisha mchepuo wa ufundi. Wasichana wachache wangesoma uchoraji wa mitambo, umeme na maji, na wakifaulu wangeweza kwenda chuo cha ufundi Dar es Salaam. Waliobaki wangechukua sayansi kimu, upishi na ushonaji. Lakini mkuu, mama mnene mwenye miwani, aliweka sharti. Hakuna msichana ambaye angeingia ufundi mpaka baba yake, au mtu aliyetumwa na baba yake, aje aseme kwa kinywa chake kwamba ameridhia. "Sitaki kesho nije kuulizwa nimewafanya nini mabinti wa watu," alisema.

Baba wa yule mwenzangu wa kitanda cha juu, mfanyabiashara wa Kilwa Kivinje, alikwisha kukataa. Alileta salamu kwamba binti yake atashona. Mwenzangu alilia jioni moja, kisha Jumamosi akaja karakana kama kawaida. "Jumamosi hakuitaja," alisema, akatandika kanga yake.

Mimi nilikuwa bado na matumaini. Baba alisoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo sikuandika. Nilimngoja jirani yetu, dereva wa lori la korosho, nikamkuta ghalani mjini akinywa chai.

"Mwambie baba nimepata somo jipya, la ufundi. Namwomba aje aniridhie."

"Somo jipya, la ufundi, aje aridhie," alirudia, akafuta mdomo. "Limefika hilo."

Lilifika, lakini njiani lilibadili nguo. Jirani yetu alikuwa Mmwera wa kuota palepale. Kiswahili alikiendesha kama lori lake, kwa nguvu na bila kujali mashimo. Alisimamisha gari penye mizani ya korosho, watu wamejaa, akamwita baba yangu kwa sauti ya kushinda injini:

"Binti yako kapata somo mpya! Fundi! Anasema uende ukaridhie!"

Jipya na mpya. Silabi moja iliteleza. Somo la darasani likiwa geni huwa jipya. Somo aliye mtu, akiwa mgeni, huwa mpya. Wote waliokuwa kwenye mizani walielewa kitu kimoja: kwamba huko Lindi, shuleni, binti wa watu amemwacha somo yake akachukua mwingine, na sasa anataka baba abariki. Niliambiwa baadaye kwamba baba aliliweka gunia chini, akasema hilo si jambo la wanaume, akaenda moja kwa moja kwa somo yangu, aliyekuwa kivulini akibangua korosho. Akamwambia, "Lolote utakaloliona huko, ndilo neno langu."

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kisimani. Pampu ya mkono ya shule ilikuwa imekufa muda mrefu, nasi tulikuwa tukichota maji kwa ndoo bondeni na kupanda nayo mteremko. Mwalimu alipata ruhusa ya kuifungua. Tangu asubuhi tulikuwa tumetoa kila kitu kilichotoka: mpini, kichwa, fimbo ndefu ya chuma, pistoni, vali mbili, pini, nati na bolti zenye kutu. Kile kikombe cha ngozi kinachokaa kwenye pistoni na kuinua maji kilikuwa kimeoza. Tukakata kipya katika ngozi ya ng'ombe tuliyoomba kwa mshona viatu, tukakiroweka katika mafuta ya ufuta. Vyote vililala kwa mstari juu ya kanga yangu, safi, vikingoja kurudi nyumbani.

"Hodi hapa!"

Niliitambua sauti kabla ya kugeuka. Alisimama kwenye kona ya bweni, mwamvuli mkononi, vumbi la njia nzima ya Milola usoni.

"Mgeni wako huyo?" mwenzangu alininong'oneza. "Mbona kashika mwamvuli kama bakora?"

Nilipiga magoti. "Shikamoo, somo."

Alikung'uta vumbi mwamvulini kabla ya kuitikia. Hakuwahi kunifanyia hivyo.

"Marahaba," akasema, akitazama juu ya kichwa changu. "Nionyeshe mwenzangu."

"Mwenzako nani, somo?"

"Huyo somo mpya. Nimekuja juu ya magunia kumwamkia."

Mwenzangu alipasuka kwa kicheko, akakigeuza kikohozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa sijaelewa kosa liko wapi, ila nilielewa kwamba baba hakuja, na kwamba aliyekuja amekuja na hasira. Mwalimu alisogea akifuta mikono kwenye ovaroli.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Wewe ndiwe uliyemfunda mwanangu?"

Mwalimu alikuwa mtu wa bara. Katika kufunda alisikia kufundisha kulikofupishwa, basi. "Ndiyo, mama," akajibu kwa uchangamfu. "Nawafunda wote hawa."

"Wote!"

"Tangu mwanzo wa mwaka."

"Ulimwomba nani?"

"Mkuu wa shule."

"Mkuu wa shule ndiye aliyewatoa?"

"Hapana, mama, bado. Watatoka wakimaliza kidato cha nne."

Wasichana wote wa kwetu Kusini walikuwa wamejiziba midomo. Somo yangu alivuta pumzi, na huenda angesema neno ambalo lisingerudi, lakini jicho lake lilishuka chini likaiona kanga.

"Astaghfirullah! Kanga niliyomtolea! Chini ya vyuma!"

Aliinama akaikamata kwa ncha mbili akaikung'uta, kwa nguvu za mwanamke aliyepepeta mtama maisha yake yote. Vyote vikaruka. Pini zilimwagika mchangani, vali ikagonga ukingo wa kisima, nati moja ikabingirika kuelekea kwenye mdomo wa shimo na mwenzangu akairukia kwa mguu kama golikipa. Mwalimu alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Nilitazama ule mchanga. Asubuhi nzima ilikuwa imelala pale, imevurugika kama choroko.

"Somo," nilisema. "Si mtu. Ni somo la darasani. Nilisema jipya."

"Jipya?"

"Jipya. La ufundi. Wa kunifunda ni wewe, hakuna mwingine. Huyu ni mwalimu."

"Dereva kasema mpya."

"Kakosea."

Alilitafuna lile neno kimyakimya, jipya, mpya, jipya, na nikaona mabega yake yakishuka kidogo kidogo. Wenzangu sasa walicheka waziwazi, wengine wakishikana. Yeye hakucheka. Aliikunja kanga, akaipakata, akamuuliza mwalimu, "Nimeharibu nini?"

"Mpangilio, mama," mwalimu akasema. "Vilikuwa vimepangwa."

Hakuomba radhi, wazee wa aina yake hawaombi radhi kwa mdomo. Alikaa kwenye ukingo wa kisima, akaweka mwamvuli kando, akanyoosha miguu mbele yake kama alivyokaa siku ya kunitoa.

"Mimi nikimfunda mtu," alisema, "hutoka nje, akaonyesha mbele za watu alichofundwa. Na huyu aonyeshe. Baba yake ataniuliza nimeona nini. Sitamwambia nimeona vyuma mchangani."

"Mama, bila mpangilio ni kazi ngumu. Labda kesho..."

"Kesho narudi na lori."

Hapo kila mtu aliyekuwepo alijua. Maji yakitoka, baba ameridhia. Yasipotoka, nitakwenda kushona mito. Mwalimu alinitazama.

"Unaweza?"

"Sijui."

"Basi anza na unachokijua."

Wenzangu waliokota na kupangusa, lakini walinirudishia mikononi rundo. Nilijaribu kukumbuka mstari: baada ya pini ilikuja nini, na baada ya hapo? Kumbukumbu ilinikimbia, nikaona giza, maana nilikuwa nimezoea kutazama kanga badala ya kutazama pampu. Nilishika vali ile nzito, nikaibonyeza kwa kidole. Ilifunguka upande mmoja tu. Nikabonyeza upande wa pili, ikagoma. Mlango, nikawaza. Huu ni mlango wa kuingilia, hautaki mtu arudi.

Hapo nikaacha kutafuta mstari, nikajifanya maji. Niko chini, gizani, baridi. Kuna kitu juu kinanivuta. Naingia kwenye bomba, nakuta mlango wa kwanza, unanipisha na kujifunga nyuma yangu, siwezi kurudi. Nakuta pistoni inashuka, na katikati yake kuna mlango wa pili, napenya. Sasa niko juu yake, nayo inapanda, inanibeba. Nilizungumza peke yangu hivyo, mikono ikifuata. Kila chuma nilichookota nilikiuliza: nikiwa maji, wewe nitakukuta wapi? Nacho kilijibu. Sijui kama naweza kueleza furaha ile. Nimeandika mengi tangu siku hiyo, na mara chache sana neno limekaa mahali pake jinsi pini ya mwisho ilivyokaa.

Tulikaza nati. Nikashika mpini, nikaanza kupiga.

Hakuna kilichotoka. Nilipiga mpaka jasho likanidondoka kidevuni.

"Maji hayapo," alisema somo yangu.

"Yanakuja, bibi," mwenzangu akamjibu, "yanavaa viatu."

Nilipiga tena, taratibu, nikisikiliza kwa mikono. Kuushusha mpini kulikuwa kwepesi kama kushusha mkono hewani. Kuupandisha ndiko kulikokuwa kuzito. Ilitakiwa iwe kinyume, kwa sababu mpini ukishuka, pistoni ndani inapanda na mzigo wa maji. Pampu yangu ilikuwa ikibeba mzigo kwenda chini.

"Ngozi nimeipindua," nilisema. "Kikombe kimetazama chini."

Mwalimu hakuitikia kwa kichwa wala kwa jicho. Alitazama paa la bweni. Baadaye aliniambia kwamba aliniona nikiikosea, akauma ulimi wake mpaka ukauma kweli.

Tulifungua upya. Safari hii mikono yangu haikuuliza kitu. Niligeuza ngozi, midomo yake ikatazama juu, nikaipaka mafuta tena, tukafunga. Lakini pampu iliyokauka hutaka kupewa maji kidogo kwanza, juu, ili ngozi ishike, na ndoo zetu zote zilikuwa tupu. Wenzangu walitazamana, nani ashuke bondeni.

Somo yangu alifungua fundo lake akatoa chupa aliyosafiri nayo.

"Ya Milola hayo," alisema. "Usinimwagie bure."

Niliyamimina yote. Nikapiga. Mpini ulishuka mzito. Ukapanda mwepesi. Ukashuka mzito zaidi, na ndani ya bomba kitu kikaguna, kikakohoa, kikatema kutu nyekundu kwenye miguu ya mwenzangu, kisha yakaja, ya kahawia, ya manjano, meupe, yakajaa kiganja, yakajaa ndoo. Wasichana walipiga vigelegele ambavyo havikuwa vya harusi wala vya unyago, na watu wa jikoni wakatoka kuangalia.

Somo yangu alikinga kiganja, akaonja, akafikiri.

"Yana chumvi," alisema.

"Ndiyo ya Lindi, mama," mwalimu akajibu, na hapo ndipo yule mama alipocheka, kicheko kirefu cha kupiga paja. Akaniondoa kwenye mpini. Alipiga mwenyewe, mwamvuli kwapani, akajaza ndoo mbili, akaanza kuifua kanga. Doa halikutoka. Akalinusa.

"Ufuta? Mnapaka vyuma ufuta?"

"Grisi hakuna, somo."

"Sisi tunakosa wa kutia kwenye mboga, nyie mnapaka vyuma!" Lakini aliendelea kufua, na sauti yake sasa ilikuwa ile ya nyumbani.

Ofisini mkuu wa shule alimuuliza yeye ni nani wangu. "Somo yake," alijibu. Mkuu, ambaye alikuwa mtu wa Mikindani, Kusini kama sisi, alisimama akampa kiti chake mwenyewe.

"Nimekuja kwa kinywa cha baba yake," somo yangu akasema. "Ameridhia. Ila likizo ni yangu. Kijijini kwetu kuna kitu kama kile, kimelala nyuma ya ofisi tangu tuhamie, kuku wanatagia humo. Akija, tutawaondoa kuku."

Aliondoka na lori asubuhi, juu ya magunia matupu, kanga yenye doa ameniachia.

Muhula wa kwanza wa mwaka mpya ulipoanza, mkuu alisoma majina kwenye uwanja. Waliotajwa ufundi walitoka mstarini kwenda upande wa karakana. Nilivuka uwanja ule mtupu wenye vumbi, na kutoka kwenye mstari wa sayansi kimu mwenzangu alipaza sauti, "Wee mwali wa pampu! Jumamosi usifunge mlango!" Wakamcheka, naye akawapungia mkono kama kiongozi aliyeshuka kwenye ndege.

Mwalimu alitusubiri mlangoni. Alitupitisha nyuma ya karakana, akavuta turubai, na chini yake ilikuwepo injini ya mashine ya kusaga, imeganda kwa kutu, kubwa kuliko kitu chochote tulichowahi kufungua. Alinipa spana.

"Hii hata mimi sijawahi kuifungua," alisema. "Haya, tusogee."